Utepe wa Ng'ombe 618

Utepe ulikuwa safi. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kabla bosi hajafungua mdomo.

Ng'ombe 618 alikuwa amesimamishwa peke yake mwisho wa zizi, amefungwa utepe mwekundu mguu wa nyuma, na bosi Duane Haugstad alikuwa akiunyooshea kidole kama kwamba umemtukana. Katika kazi ya kukamua utepe ndio sheria ya kwanza. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele anafungwa utepe, anakamuliwa mwisho, kwenye ndoo, na maziwa yake yanamwagwa mpaka siku za dawa ziishe. Hayaendi kwenye tangi kubwa hata kikombe. Jumapili lori lilichukua maziwa yetu, kiwandani wakayapima wakakuta dawa, lori zima likamwagwa. Jumatatu wakapima ng'ombe mmoja mmoja mpaka wakamfikia 618. Jumanne nikaitwa mimi, kwa sababu Jumamosi jioni aliyemkamua ni mimi.

Kati yangu na bosi alisimama Hermelindo Colohua, akitafsiri. Hermelindo ndiye msimamizi wa ng'ombe wagonjwa: yeye huchoma sindano, yeye hufunga na kufungua tepe, yeye huandika namba ubaoni. Na ni kompadre wangu. Binti yake Yaretzi nilimshika mimi siku ya ubatizo. Kwetu Zongolica, Meksiko, maji yale yakishamgusa mtoto, kompadre na komadre hawataniani tena, hawabishani, na hawasemeshani kwa "wewe". Unamsemesha mtu kama unamsimulia habari zake mwenyewe. Kwa heshima hiyo mambo ya kazi alikuwa ananiandikia ubaoni, au ananitumia kupitia mkewe Reyna, ingawa tunalala chini ya paa moja.

"Bosi anasema komadre alimkamua huyu na utepe ukiwa mguuni," alisema, macho kwenye mabuti yake.

"Kompadre amwambie bosi utepe haukuwepo. Mimi nagusa kila mguu kabla ya kufunga mashine."

Wakasemezana Kiingereza.

"Anasema utepe anauona kwa macho yake."

"Basi auguse. Huyu kachomwa Jumatano iliyopita, leo Jumanne. Utepe ukikaa siku zote hizo kwenye mguu wa ng'ombe unakuwa rangi ya mavi. Huu una harufu ya dukani."

Hilo hakulitafsiri. Kiingereza changu kidogo, lakini najua mtu anapofunga mdomo. Akaniambia nirudishe mabuti na ovaroli, na kwamba ameniombea kwa bosi nikae chumbani kwangu mpaka mwisho wa mwezi.

Dakika tano, basi. Miaka mitatu ya kukamua ikaishia kwenye ndoo ya mabuti.

Nikakaa kufikiri. Tepe mpya zinafungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati wanao watu watatu: bosi, Hermelindo, na mzee Chon wa zamu ya asubuhi. Mmoja wao alimfunga 618 utepe mpya baada ya lori kukamatwa. Bosi? Angepata nini? Chon? Mwaka mzima alikuwa anataka zamu yangu ya mchana apewe mpwa wake. Hermelindo sikutaka kumhesabu, lakini kichwa kilikuwa kinamhesabu chenyewe.

Na Reyna alianza kunipa nyama. Siku zote Hermelindo ndiye hupewa paja la kuku, mtoto anapewa kifua, mimi napata shingo na mchuzi wa pilipili na tortila, chapati zetu za mahindi, na sikuwahi kulalamika. Wiki ile paja lilianza kuja kwenye sahani yangu.

"Ale komadre, amekonda," Reyna alisema.

"Komadre yangu ana wema mwingi wiki hii."

"Kwani kila siku mimi ni mchawi?"

Akacheka peke yake. Mtu akikuongezea nyama bila sherehe, kula polepole. Ukuta wa treila yetu, nyumba ya bati ya shamba, ni mwembamba, kikohozi cha jirani unakisikia; lakini tangu Jumanne ile wao wawili walikuwa wanazungumza nje, kwenye gari, vioo vimefungwa. Mimi nilikuwa naosha vyombo ambavyo vilishaoshwa, ili nibaki dirishani.

Siku ya tatu nilitembea mpaka shamba la Ostby kuomba kazi. Msimamizi wao, kijana wa Puebla aliyevaa kofia kubwa kuliko kichwa, aliniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Domitila wa maziwa ya dawa?"

"Nani kasema?"

"Nani hajasema? Bosi wako kampigia bosi wangu. Dada, hapa tuna tangi moja tu."

Dukani kwa Wameksiko nikamkuta Chon amekalia kreti la soda, na watu wake wa kumchekea.

"Heee! Mama daktari!" alipaza sauti. "Karibu, nina mafua, nitilie dawa kwenye chai."

"Don Chon ana ufunguo wa kabati la tepe?" nikamuuliza kwa ile ile heshima, maana ni mzee.

"Ninao. Na wa mbinguni ninao. Unataka upi?"

"Na Jumapili Don Chon alikuwa wapi?"

Kicheko kikakatika. "Usinifanye mimi Yuda, msichana. Jumapili nilikuwa kwa binti yangu, kilomita mia, muulize. Mimi ningekuwa wewe ningehamia kwenye kuku. Kuku hawafungwi tepe."

Niliondoka nikijua mambo mawili. Chon hakuwa na haja ya kunitajia kilomita, kwa hiyo aliogopa. Lakini aliogopa kama mtu anayeweza kuulizwa, si kama mtu anayeficha jambo. Na nilijua kwamba jina langu limefika dukani kabla yangu. Kama halisafishwi, hakuna zizi la kaunti hii litakaloniruhusu kushika chuchu ya ng'ombe. Kazi nyingine siijui. Shule yangu iliishia darasa la sita, mikono yangu ndiyo cheti.

Jumapili, baada ya misa, kwenye ukumbi wa kanisa, huwa anakaa mama mmoja wa ofisi ya msaada wa sheria, Leticia Barrientos, mzaliwa wa Teksas, anaongea upesi kama mnadi. Nilingoja watu wote waishe. Kisha nikakaa mbele yake, nikamuuliza nani anamlipa.

"Serikali kidogo, wahisani kidogo. Wewe hunilipi."

"Cha bure ndicho ghali."

"Sawa, binti yangu. Nishuku. Lakini nisikilize huku ukinishuku."

Nikamweleza. Hakusema pole, na hilo lilinipendeza.

"Sikudanganyi," alisema. "Katika jimbo hili la Minnesota mwajiri anaweza kukufukuza hata kwa sababu pua yako haimpendezi, mradi isiwe sababu iliyokatazwa na sheria. Kumshtaki kwa kukufukuza tu ni kupanda mlima kwa ndara. Lakini ukimwandikia ndani ya siku kumi na tano za kazi kumuuliza kwa nini, lazima akujibu kwa maandishi, sababu ya kweli, ndani ya siku kumi za kazi. Na faili lako unaweza kuliomba ulione. Kukiwa na kitu humo unakipinga, na msipokubaliana kukiondoa, unaandika maelezo yako, mwisho kurasa tano, na lazima yakae humo pamoja na ya kwake."

"Na hao wa uhamiaji, wanaouliza mtu kavuka mpaka wapi?"

"Sheria hiyo haiulizi hilo."

"Na kunichafulia jina?"

"Kwa barua atakayokupa mwenyewe, huwezi kumshtaki, sheria imemkinga. Kwa aliyomwambia Ostby, labda. Lakini utatakiwa kuonyesha kwamba si kweli. Unaweza?"

Sikuweza. Nilikuwa na utepe safi ambao kwa sasa ulishachafuka.

Tuliandika barua mbili, moja ya kuuliza sababu, moja ya kuomba faili. Kabla ya kutia sahihi nilimwambia anisomee kila mstari, kisha nikamwambia anisomee tena kuanzia chini kwenda juu. Alisoma. Tukazituma kwa posta ya kutiwa sahihi.

"Huyo kompadre," Leticia alisema nikiwa mlangoni, "si umuulize tu?"

"Ni kompadre."

"Ndiyo, lakini si umuulize?"

Nilimwangalia. Kuna watu huwezi kuwaeleza.

Faili lilikuja kwanza, bahasha nyembamba. Ndani mlikuwa na karatasi ya siku niliyoajiriwa, nakala ya kitambulisho, na karatasi moja kwa mwandiko wa Hermelindo, kwa lugha yetu ya Kihispania: *618 alichomwa sindano ya mwisho Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi. Dawa mpya, siku nne. Nilimfunga utepe. Sikuugusa mpaka Jumatatu.* Na sahihi yake yenye mkia.

Nilijifungia chumbani nikaisoma mpaka nikaijua kama sala. Jumamosi jioni utepe haukuwepo. Mguu ule niliugusa kwa mkono huu. Sasa kati yangu na yeye, mmoja ni mwongo, na karatasi ilikuwa upande wake. Lakini kwa nini? Hapo ndipo nilipokwama. Hermelindo hana mpwa wa kumpa zamu yangu. Hermelindo ndiye aliyenileta shamba lile. Mtu hakuchimbii shimo kwenye ua wake mwenyewe. Nikaanza kumshuku Reyna, nikahesabu mara ngapi alinijibu vibaya mwaka huu. Nikamshuku bosi, kwamba alimwandikisha kwa nguvu. Nilimshuku hata Yaretzi, miaka minne, kwamba anatumwa kuja kuangalia ninafanya nini, kwa sababu alikuwa anafungua mlango kila mara na kusimama tu.

"Mama wa ubatizo analia?"

"Anasoma."

"Kusoma kunaliza?"

"Nenda kacheze."

Barua ya sababu ilichelewa. Niliweka alama ukutani kwa penseli, kila siku ya kazi mstari mmoja. Mistari ilipofika kumi na moja nilikwenda ofisini kwa Leticia mjini. Sasa tumempata bosi.

"Kavunja sheria! Leo ya kumi na moja."

Leticia alitazama risiti ya posta, akatazama kalenda. "Leo ya kumi. Bado ana mpaka jioni."

"Alipokea Jumatano. Jumatano moja, Alhamisi mbili, Ijumaa tatu..."

"Hapana, hapana. Siku aliyopokea haihesabiwi. Unaanza kesho yake. Alhamisi moja."

"Siku gani hiyo isiyohesabiwa? Haikuwa na jua?"

"Sheria ndivyo inavyohesabu, binti. Saa ishirini na nne zikitimia ndiyo siku."

"Kwetu siku uliyo ndani yake ndiyo ya kwanza. Ukimwambia mtu njoo baada ya siku nane, leo Jumapili, anakuja Jumapili ijayo. Kila mtu anajua."

"Kwenu. Hapa..."

Sikumsikia tena. Nilikuwa nimetoa karatasi ya Hermelindo kwenye mfuko. Jumatano. Siku nne. Nikahesabu kwa vidole kama mama yangu alivyonifundisha, na kama mama yake alivyomfundisha. Jumatano moja. Alhamisi mbili. Ijumaa tatu. Jumamosi nne. Kisha nikahesabu kama Leticia, na siku ya nne ikaangukia Jumapili asubuhi.

Dawa ya zamani tulikuwa tunaihesabu kwa mikamuo, mikamuo sita, hakuna wa kukosea. Hii mpya ilikuja mwezi ule, na bosi alisema tu: siku nne.

Jumamosi, baada ya mkamuo wa asubuhi, Hermelindo alimfungua 618 utepe kwa moyo mweupe kabisa, akafuta namba ubaoni. Jioni nikaja mimi, nikagusa mguu mtupu, nikafunga mashine. Jumapili lori likakamatwa. Ndipo alipoelewa, akaenda kabatini.

Ajabu ni kwamba hasira haikuja hapo. Ilikuja nikiwa njiani, nilipolikumbuka paja la kuku.

Nilimkuta mezani, mchana, kabla ya zamu. Reyna alikuwa kwenye jiko anageuza tortila. Sikukaa.

"Hermelindo," nikasema. "Wewe ulifungua utepe siku gani?"

Tortila ilianguka sakafuni. Si kwa swali. Kwa lile neno. Miaka minne sikuwa nimemwambia "wewe".

"Komadre amechoka," Reyna akasema upesi. "Komadre akae, ale."

"Sili. Wewe, Hermelindo. Siku gani?"

Aliangalia mikono yake. Nikaona kidole gumba kinagusa kidole kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne.

"Jumamosi," alisema. "Ilikuwa siku ya nne. Naapa kwa mama yangu niliona ni ya nne."

"Najua. Na Jumapili?"

"Jumapili Duane aliniita, akauliza nani alichomwa dawa mpya wiki ile, nikamtaja 618, akasema saa tisini na sita. Ndipo akazihesabu saa mbele yangu. Akaniuliza utepe ulikuwepo? Nikasema ulikuwepo. Neno limetoka tu, Domitila. Kisha sikuweza kulirudisha."

"Kwa hiyo ulikwenda kuufunga."

"Jumapili jioni."

"Nyumba hii ni ya Duane!" Reyna alipiga meza kwa mwiko wa tortila. "Joto la Duane, maji ya Duane! Tungekwenda wapi na mtoto? Wewe uko peke yako, unabeba begi lako unakwenda. Huna hata paka!"

"Ndiyo maana mkaninenepesha?"

Akainama kuokota tortila.

"Ninaandika kurasa zangu leo," nikamwambia Hermelindo. "Zitakaa kwenye faili. Jina lako limo, na Jumamosi imo. Leticia kampigia Duane, amekubali tukutane kesho saa nne. Leticia atakuwa kwenye simu."

"Nani atatafsiri?"

"Nani mwingine anajua Kiingereza hapa?"

Alikwenda zamu yake kama kawaida. Mimi niliandika kurasa mbili, nyingine tatu sikuzihitaji. Mpaka usiku nilikaa dirishani nikilitazama gari lake. Mtu akiogopa vile anaweza kuwasha gari na kupotea, na mimi ningebaki na kurasa mbili za maneno yangu mwenyewe, ambayo mtu yeyote anaweza kuyaandika.

Gari halikuondoka.

Ofisi ya Duane iko pembeni ya chumba cha tangi, tangi linanguruma muda wote. Barua yake ya sababu ilikuwa tayari mezani, imechelewa kidogo baada ya yote: *alikamua ng'ombe aliyefungwa utepe.* Mstari mmoja. Simu iliwekwa katikati.

"Bwana Colohua," sauti ya Leticia ikasema kwa Kihispania, "ukiruka neno nitasikia. Na ukiongeza neno nitasikia."

Akaanza kusoma kwa Kiingereza. Mimi sikuangalia karatasi, niliangalia koo lake. Utepe safi, akausoma. Mguu niliougusa, akausoma. Nilijua ukurasa wa pili unaanza na jina lake. Aliufungua, kidole kikakwama kwenye mstari wa kwanza. Duane akainua kichwa. Tangi likanguruma.

Niliamini atasema jina la Chon. Kweli kabisa. Niliwaza: sasa ataruka, Leticia atapiga kelele kwenye simu, Duane atakasirika na wote, na itakuwa imekwisha.

Akalisoma. Akaisoma Jumamosi. Kisha akaiweka karatasi mezani akaendelea kusema Kiingereza bila karatasi, muda mrefu, akihesabu kwa vidole, mara moja kuanzia Jumatano, mara moja kuanzia Alhamisi.

"Anasema nini?" nikaiuliza simu.

"Ngoja," Leticia alisema. "Anasema utepe uliouona ni yeye aliyeufunga. Anasema wewe hukukosea kitu."

Duane alitoka, akarudi na chupa tupu ya dawa. Akasoma maandishi madogo, akatazama kalenda ya ukutani, midomo inachezacheza. Nilimwona akifika mahali penyewe. Uso ulimwiva.

"Nilimwambia siku nne," alisema. Hayo niliyaelewa bila mkalimani. "Sikumwambia saa."

Nilingoja amfukuze Hermelindo. Reyna alikuwa nje, garini, amempakata mtoto, anangoja hilo hilo. Lakini Duane alimwambia tu arudi kazini, 702 ana homa. Nani mwingine angemchomea sindano? Mimi ndiye niliyekuwa mwepesi wa kutupwa. Kompadre wangu alikuwa ameogopa bure, na kuogopa kwake bure kulinigharimu mwezi mzima na jina langu.

Duane akaniomba nirudi Jumatatu. Nikamwambia Leticia amjibu kwamba nataka karatasi kwanza: ile ya uongo itoke kwenye faili, iandikwe nyingine, na ampigie Ostby mbele yangu. Alipiga. Kicheko chake kwenye simu kilikuwa kifupi, cha mtu anayelipa.

Barua mpya ilipokuja Hermelindo aliinua mkono aichukue anisomee. Nikaikunja nikaiweka kifuani. Niliipeleka kwa Leticia akanisomea, kisha nikaipeleka kwa padri, ambaye hamjui Leticia, naye akanisomea. Ilisema kitu kile kile: sikukosea, kosa lilikuwa la hesabu ya siku za dawa, shamba lilijutia. Ndipo nikatembea mpaka kwa Ostby.

Kijana wa kofia kubwa aliisoma amesimama. "Njoo Jumatatu, saa nane mchana," alisema. "Na usinikasirikie kwa yale, dada. Watu wanasema."

Jumatatu, kwa Ostby, kabla ya kushika mashine, nilipita kwenye mstari nikigusa mguu mmoja mmoja. Wa saba alikuwa na utepe, wa nane hana, lakini kiwele chake kilikuwa na alama ya dawa iliyofifia.

"Huyu alichomwa lini?"

"Huyo? Alhamisi," kijana alisema. "Amemaliza."

"Alhamisi saa ngapi?"

"Dada, nimekwambia Alhamisi."

"Nimesikia. Sijauliza siku."

Alinitazama. Kisha akavua kofia, akajikuna kichwa, akaenda kutafuta karatasi. Mimi nikamwacha yule ng'ombe asimame, mashine ikining'inia, mpaka aliporudi.